Kina: Mita Mbili

Kabla ya kuingia handakini Burmakan huvua viatu.
Si ibada. Ni kwamba kipima-tetemeko
husikia kisigino chake sawa na mlima ukiporomoka,
na mhandisi wa Bishkek atapiga simu kuuliza
nani anacheza ngoma At-Bashi.

Miaka kumi na tisa analinda chombo hiki
kilichokaa juu ya mwamba mtupu.
Hana digrii. Ana funguo, tochi, daftari,
na ile kalamu kuukuu inayochora kwenye karatasi
ambayo tangu zije kompyuta hakuna aliyekumbuka kuing'oa.

Mistari anaisoma.
Mikwaruzo mifupi mifupi: farasi wa jirani wakishuka mtoni.
Mkwaruzo mnene: lori la makaa ya mawe.
Mtetemo mwembamba usiokoma usiku kucha:
bahari, ambayo hajapata kuiona,
ikizipiga kuta za mabara huko mbali.

Mwaka jana, alfajiri, ardhi ilipasuka pwani ya Chile.
At-Bashi hakikutikisika hata kikombe.
Dakika ishirini baadaye
kalamu ikaruka.

Wimbi la kwanza lilikuwa limepita katikati.
Lilizama chini ya ganda hili jembamba
tunaloliita shamba, mpaka, nchi yetu;
likapita kwenye joho la mawe,
mawe magumu yanayosogea kwa mwendo wa kucha kuota;
likaingia kwenye chuma kilichoyeyuka,
kinachojigeuzageuza gizani
hadi sindano ya dira ikajua kaskazini;
kisha kiini chenyewe, tonge la chuma,
lenye joto kama uso wa jua
ila limebanwa hata kuyeyuka haliwezi.
Likaibukia chini ya soksi za Burmakan.

Wimbi la pili halikufika.
Lenyewe hutembea kwa kutikisa ubavu,
kama mtu akung'utavyo zulia la sufu,
na kimiminika hakikung'utiki.
Likafia mlangoni.
Ndivyo walivyojua, mhandisi alimweleza,
kwamba kule chini kuna bahari ya chuma.
Hakuna aliyeiona.
Ilijulikana kwa mgeni asiyetokea.

Watu wamejaribu kuchimba.
Kaskazini, Warusi walitoboa kilometa kumi na mbili,
miaka nenda miaka rudi,
mpaka mwamba ukaanza kulegea kama unga uliokandwa;
wakafunika tundu kwa kizibo, wakaenda zao.
Kumi na mbili, kati ya elfu sita na ushei.
Nyumba usiyolala ndani yake hujui ila yake,
na sisi tunalala juu ya paa.

Januari alikufa Sagyn, mumewe.
Ardhi ilikuwa imeganda ngumu kuliko sululu.
Wanaume wanane walichoma matairi juu yake usiku kucha,
nyuma ya kilima kilekile chenye handaki,
ndipo ikakubali.

Siku ya nne Burmakan alirudi kazini, akavua viatu,
akaikunjua karatasi.
Wote walikuwemo.
Pigo, pigo, pigo: huyu ni Esenaly, ana pupa.
Kimya kifupi: wanapokezana sululu, au wanakunywa chai.
Pigo zito, la mpwa wake, aliyechimba huku analia.
Kisha utulivu mrefu, mstari umenyooka.
Halafu vikwaruzo laini, vingi, kama mvua juu ya hema:
udongo unarudishwa.

Simu ikalia. Mhandisi.
“Jumatano, saa tano asubuhi, kelele gani hiyo? Niifute?”
“Ngoja niiandike kwanza,” alisema.

Daftari lina safu zake na halijali ni nani.
Chanzo: kinajulikana.
Kina: mita mbili.
Kwenye safu ya ukubwa aliishika penseli muda mrefu,
hadi mhandisi akadhani simu imekatika.

Kalamu kuukuu ilianza kukwaruza, mifupi mifupi.
Farasi wa jirani walikuwa wanashuka mtoni.